Kutoka Uwanja wa Maonyesho Hadi Rola Kosta Kubwa: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Kwa mtu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Kitale, rola kosta kubwa, yaani treni ya burudani inayokimbia juu ya reli zenye vilima na miteremko, ni safari ya ndege. Hapa kwetu tuna mashine za kuhamahama zinazofika na maonyesho ya kilimo, tuna mabembea ya watoto katika mahoteli na maduka makubwa, na tuna Nairobi. Zile reli za chuma ambazo ukizitazama kwa chini shingo inauma ziko Johannesburg, Abu Dhabi, Qiddiya nchini Saudia na kwingineko. Kwa hiyo mpenzi wa mchezo huu aliye huku anahitaji mpango mzuri kuliko yule anayeishi jirani na bustani ya burudani. Yule akikuta mashine imefungwa, atarudi Jumamosi ijayo. Wewe umeweka akiba miaka miwili, na ukirudi bila kuipanda umerudi bila kuipanda.

Niseme msimamo wangu mapema: funga safari kwa ajili ya mashine iliyokwisha kuzoea kazi, na ile mpya ifuatilie kwa hamu yako yote mpaka nayo izoee. Hatua zilizo hapa nimezipanga jinsi ambavyo ningempangia ndugu yangu, na zinaanzia nyumbani kwa sababu mengi ya kujifunza yako hapa hapa.

Hatua ya 1: Ijue mashine kabla ya kuijua bustani

Rola kosta nyingi hazina injini ndani ya treni. Mnyororo huivuta treni hadi kileleni na kuiachia, na kuanzia hapo ni mvuto wa dunia unaofanya kazi. Ndiyo maana kilele cha kwanza huwa kirefu kuliko vinavyofuata: treni haiwezi kufika tena pale ilipoachiliwa, kwa kuwa upepo na msuguano wa magurudumu vinaendelea kuila nguvu yake.

Jambo hilo linakupa kipimo kizuri cha kujua utakutana na nini. Mteremko wa mita 5 hutoa kasi ya takriban kilomita 36 kwa saa. Mita 20 hutoa takriban 71. Mita 50, takriban 113. Ukitazama vizuri utaona kwamba ili kasi iongezeke maradufu, urefu lazima uongezeke mara nne. Kwa hiyo aliyepanda kigari cha mita 5 akafurahi, asione mita 20 ni mlima usiopandika. Kasi itakuwa mara mbili ya ile aliyoizoea, karibu sawa na matatu kwenye barabara kuu.

Aina ya pili ya rola kosta haingoji mteremko. Hurushwa. Formula Rossa, iliyoko bustani ya Ferrari World mjini Abu Dhabi tangu mwaka 2010, ina kilele cha mita 52 tu, na urefu huo peke yake usingetoa hata nusu ya kasi yake. Husukumwa na mtambo wa haidroliki kutoka kusimama kabisa hadi kilomita 240 kwa saa kwa muda usiofika sekunde 5. Abiria huvalishwa miwani, kwa sababu kwa kasi ile chembe ya mchanga au mdudu anaweza kukuumiza jicho.

Wengi huuliza ni nini kinachoizuia treni isiruke nje ya reli inapopita juu ya kilima. Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu: ya juu hubeba uzito, ya pembeni huielekeza treni, na ya chini hukumbatia reli kwa upande wa chini ili treni isinyanyuke. Hayo ya chini ni kazi ya Mmarekani John Miller, aliyeyapatia hataza mwaka 1919, na bila hayo hakuna mteremko mkali wowote kati ya hii tunayoizungumzia ambao ungejengwa. Ukishalielewa hilo, hofu hupungua na starehe huongezeka. Unajua kinachokushika.

Sasa jiulize unachokipenda. Kuna anayetaka kuhisi tumbo likipanda juu ya kilima, kuna anayetaka kupinduliwa kichwa chini miguu juu, kuna anayetaka kasi tupu. Andika mashine mbili tu unazozitamani kuliko zote, mahali zilipo na aina yake. Safari nzima itajengwa juu ya hizo mbili. Ukianza na bustani yenye mashine arobaini bila kujua unazozitaka, utamaliza siku kwenye foleni za vitu usivyovijali.

Hatua ya 2: Jifunzie kwenye maonyesho

Maonyesho ya kilimo ya Nakuru huwa katikati ya mwaka, na Kisumu nayo hufanya yake Mamboleo. Eldoret na Kitale zina yao. Mahindi na ng'ombe wa maziwa wakitazamwa upande mmoja, upande wa pili huwa na gurudumu kubwa, viti vya minyororo vinavyozunguka, vigari vya kugongana, meli inayobembea, na mara nyingine kigari kidogo cha reli cha watoto. Usividharau. Hapo ndipo mwili wako utakapojipima, na hapo ndipo jicho lako litakapojifunza kukagua.

Ukaguzi una umuhimu wa pekee kwa mashine za kuhamahama, kwa sababu hufunguliwa, hupakiwa kwenye lori, husafirishwa barabara mbaya na kuunganishwa upya mara nyingi kwa mwaka. Kila muungano ni nafasi ya kusahau pini. Kabla ya kulipa, simama kando dakika kumi na utazame mambo haya:

Anza chini. Miguu ya mashine ikae juu ya mbao nene au vyuma bapa vilivyolala sawasawa, si juu ya mawe yaliyookotwa wala udongo uliolowa. Udongo mweusi wa sehemu nyingi za Kisumu ukinyeshewa hulegea, na mashine iliyosimama wima asubuhi inaweza kuinama jioni. Ukiona mguu mmoja unatikisika kila mzunguko, ondoka.

Kisha panda na macho hadi kwenye maungio. Kila pini kubwa iwe na kipini kidogo cha kuizuia isichomoke. Waya uliosokotwa au msumari uliokunjwa mahali pa kipini ni ishara ya kutosha ya kurudisha pesa mfukoni. Kutu ya juujuu si tatizo kubwa. Ufa kwenye sehemu iliyochomelewa ni tatizo kubwa sana.

Baada ya hapo mtazame mwendeshaji, naye ndiye ninayempa uzito kuliko chuma. Je, anapita kila kiti na kuvuta kila mkanda kwa mkono wake? Je, macho yake yako kwenye mashine ikizunguka, au yako kwenye simu? Mkono wake uko karibu na swichi ya kusimamisha? Anawakataa watoto wafupi hata mzazi akibembeleza? Mwendeshaji anayemkatalia mzazi mwenye pesa mkononi ni mwendeshaji wa kuaminika. Ukimwona wa namna hiyo, mpe biashara yako na umshukuru.

Mwisho, sikiliza. Mashine yenye afya hutoa mlio ule ule kila mzunguko. Mgongano wa chuma unaojirudia mahali pale pale si wa kuvumilia.

Saa ya kwenda ni asubuhi, na sisemi hivyo kwa ajili ya foleni peke yake. Bonde la Ziwa Victoria, pamoja na Kakamega na Kisii, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi, na mvua zetu hupenda kuja mchana kuelekea jioni. Gurudumu la chuma lililo wazi uwanjani si mahali pa kuwa wingu likianza kunguruma. Bustani kubwa duniani husimamisha mashine za nje radi ikikaribia. Kwenye maonyesho huenda ukalazimika kuwa wewe mwenyewe wa kuamua. Ukisikia ngurumo, shuka, hata kama umebakiza tiketi tatu.

Hatua ya 3: Jifunze kuhesabu foleni

Huu ndio ujuzi utakaokuokolea muda mwingi kuliko wowote, na unaweza kuufanyia mazoezi Mamboleo bila gharama.

Unahitaji namba tatu: watu wanaobebwa kwa mzunguko mmoja, dakika kati ya kuondoka kwa mzunguko mmoja na unaofuata, na watu walio mbele yako. Tuseme gurudumu linabeba watu 24, na kila dakika 10 linapakia kundi jipya. Kwa saa moja litachukua watu 144. Wakiwa mbele yako 72, utasubiri nusu saa. Rola kosta yenye treni ya viti 24 inayoondoka kila dakika 2 huchukua watu 720 kwa saa. Foleni ya watu 360 ni nusu saa vilevile, ingawa kwa macho inaonekana ndefu mara tano.

Ndiyo maana foleni ndefu si lazima iwe foleni mbaya. Foleni fupi ya mashine inayobeba wanne wanne inaweza kukula asubuhi nzima.

Ongeza jambo moja. Reli ya rola kosta hugawanywa vipande, na treni hairuhusiwi kuingia kipande kipya mpaka ile ya mbele iwe imetoka. Mfumo huo huzuia treni mbili zisigongane, na pia ndio unaoiwezesha bustani kuendesha treni mbili au tatu kwa pamoja. Siku zisizo na watu wengi bustani huweza kuendesha moja tu. Basi ukifika, hesabu treni zinazozunguka kabla ya kuhesabu watu. Na ukiwa ndani treni ikasimama katikati ya mnyororo, tulia. Mara nyingi mfumo umeona kwamba kipande cha mbele hakijawa wazi na umefanya kazi yake.

Hatua ya 4: Mwili, mavazi na watoto

Pima watoto nyumbani, ukutani, bila viatu, kwa tepu ya fundi cherehani. Mipaka unayokutana nayo sana ni mita 1.20, 1.30 na 1.40, na rola kosta kali huwa kwenye 1.40. Mtoto wa mita 1.38 hataruhusiwa, na hilo ni sawa, kwa sababu chuma cha mapajani na vishikio vya mabega vimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani. Usimvishe viatu vya kisigino kirefu ili apite. Bora umwambie nyumbani, mkiwa wawili, kuliko aambiwe na mgeni mbele ya watu baada ya kusubiri saa nzima.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, mwenye maumivu ya shingo au mgongo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na mwenye kifafa wasipande rola kosta kali. Ukiwa na shaka, muulize daktari wako wiki kadhaa kabla. Usingoje kusoma bango ukiwa langoni.

Vaa viatu vya kufungwa, si kandambili. Dera na kanga vinapendeza bustanini lakini hunaswa kwenye vyombo, hivyo vaa suruali ndani au ubadilishe. Kilemba na hijabu vibanwe vizuri ndani ya nguo, na nywele ndefu za kusuka zifungwe nyuma. Simu, funguo na miwani vibaki kwenye kabati la kukodi au kwa mwenzako asiyepanda. Kitu kilichodondoka kwa kilomita 90 kwa saa ni hatari kwa aliye chini.

Kula, lakini kidogo. Chai na mkate au uji asubuhi vinatosha. Ugali na samaki mzima viache mpaka umalize zile kali. Tumbo tupu kabisa nalo hukichafua kichwa. Ukiwa ndani, kaa wima, gandamiza kichwa kwenye egemeo, pumua nje unapoanza kushuka, na uangalie mbele kule treni inakokwenda. Anayefumba macho huchafukwa upesi, kwa kuwa masikio yanamwambia anazunguka na macho hayamwambii kitu.

Hatua ya 5: Nairobi, kama kipimo cha kati

Pita haraka hapa, ila usiruke. Two Rivers, upande wa Ruaka, ina gurudumu kubwa na mashine nyingine za kudumu, na safari hiyo inakupa nafasi ya kufanya mazoezi ya siku nzima: tiketi, chakula, watoto waliochoka, kurudi. Toka Nakuru, umbali ni takriban kilomita 160. Toka Kisumu, takriban 350. Kwa mtu wa Kisumu sikushauri kwenda na kurudi siku moja. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, kwa hiyo ongeza muda kwenye hesabu yako ya kawaida. Epuka wikendi za likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na piga simu siku moja kabla kuuliza mashine zipi zinafanya kazi. Uliza kwa majina, moja moja.

Hatua ya 6: Safari ya nje

Kwa Mkenya anayesafiri mara ya kwanza, ningependekeza Johannesburg. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Ndege kutoka Nairobi huchukua takriban saa nne. Na Gold Reef City, iliyojengwa kwenye eneo la mgodi wa zamani wa dhahabu, ina mashine mbili ambazo zingetosha kuwa zile mbili zako. Anaconda hupita chini ya reli yake, miguu ikining'inia hewani, na hukupindua mara kadhaa. Tower of Terror hukupandisha mnarani, hukuning'iniza ukingoni ukitazama chini, kisha hukutumbukiza mpaka chini ya usawa wa ardhi, ndani ya shimo la mgodi. Hakuna mahali pengine nipajuapo ambapo historia ya mahali na mteremko vimeungana namna hiyo.

Mambo ya kufanya mapema: chanjo ya homa ya manjano na cheti chake cha manjano, kwa sababu Afrika Kusini hukidai kwa wanaotoka Kenya. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Cheti ni cha maisha. Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri. Nje ya likizo za shule za kule, bustani haifunguliwi kila siku ya wiki. Tazama kalenda yao kabla ya kununua ndege. Julai na Agosti ni baridi kali asubuhi. Mtu wa Nakuru ataivumilia, maana miji hii miwili haitofautiani sana kwa mwinuko. Mtu wa Kisumu abebe koti. Kiangazi chao, Novemba hadi Februari, huleta ngurumo za mchana kama zetu, basi ile kanuni ya asubuhi inabaki pale pale.

Abu Dhabi ni hatua ya juu zaidi. Viza inahitajika, na gharama ni kubwa, lakini kisiwa cha Yas kimekusanya Ferrari World, Warner Bros. World, Yas Waterworld na SeaWorld mahali pamoja, kwa hiyo siku nne hazipotei kwa usafiri. Tangu 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Lenga Jumanne au Jumatano. Joto la Julai hupita nyuzi 40, na ingawa sehemu kubwa ya Ferrari World iko ndani ya jengo, reli ya Formula Rossa iko nje. Novemba hadi Machi ni bora. Wakati wa Ramadhani saa za kufungua huweza kubadilika.

Kuhusu pesa, nitasema jambo moja ambalo hubadilisha mpango mzima. Kwa mkazi wa mji wenye bustani, tiketi ya mlangoni ndiyo gharama kubwa. Kwetu ni kinyume: ndege, malazi na usafiri wa kwenda Nairobi hula sehemu kubwa ya bajeti, na tiketi ya bustani huwa sehemu ndogo. Kwa hiyo nunua siku mbili za bustani ile ile yenye mashine zako. Siku ya pili ndiyo bima yako ya pekee. Mvua ikinyesha, mashine ikifungwa, mtoto akiugua, bado una kesho. Kati ya siku ya pili na tiketi ya kupita foleni, mimi huchagua siku ya pili bila kusita, kwani tiketi ya kupita foleni haina faida mashine ikiwa imezimwa.

Ukitoka Kisumu kwa ndege, fika Nairobi siku moja kabla ya ndege ya kimataifa iwapo tiketi hizo mbili zimenunuliwa mbalimbali. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakungoja, wala hutarudishiwa nauli.

Chama cha marafiki wanne au watano hufanya mambo yawe mepesi. Kila mmoja aweke kiasi kile kile kila mwezi, mmoja ashike karatasi, mmoja afuatilie mashine. Malazi ya pamoja hupunguza gharama, na mzazi mmoja anaweza kubaki na wadogo wakati wengine wanapanda, kisha wakabadilishana.

Hatua ya 7: Kuifuatilia rola kosta inayokuja

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa umbali hautunyimi kitu. Aliye Bondo mwenye simu anaweza kuifuatilia reli inayojengwa ng'ambo hatua kwa hatua, sawa na aliye jirani nayo.

Chombo cha kwanza ni Roller Coaster DataBase, rcdb.com, kilichoanzishwa na Duane Marden mwaka 1996. Humo utakuta rola kosta za dunia nzima na hali yake: inayofanya kazi, inayojengwa, iliyosimama bila kufanya kazi, iliyobomolewa. Pili ni ukurasa wa bustani yenyewe, hasa ule unaotaja mashine zitakazofungwa kwa matengenezo. Tatu ni video za wapenzi wanaopiga picha kutoka nje ya ua. Katika hizo jifunze kutambua ujenzi umefika wapi: ardhi kusafishwa, misingi ya zege, nguzo, reli kufungwa, treni kufika, kisha majaribio. Kwenye majaribio utaona treni ikizunguka na sanamu za plastiki zilizojazwa maji badala ya watu, ili uzito uwe ule wa abiria. Hapo ndipo moyo unapoanza kwenda mbio.

Na hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Tazama Falcons Flight, ya Six Flags Qiddiya karibu na Riyadh, Saudia. Ilitangazwa mwaka 2019, ikatarajiwa mwaka 2023, na bustani ikafunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 2025. Ni reli ya zaidi ya kilomita 4, inayoteremka kwenye jabali la Tuwaiq na kufika kilomita 250 kwa saa, hivyo kuivua Formula Rossa taji la kasi. Kazi ya ukubwa ule ilistahili kuchukua muda wake. Lakini mtu aliyepanga likizo ya 2023 kwa tangazo la 2019 angekuta jangwa na kreni za ujenzi.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba hata kufunguliwa si mwisho. Bustani ya Cedar Point, jimbo la Ohio nchini Marekani, ilifungua rola kosta ya Top Thrill 2 mwanzoni mwa Mei 2024. Baada ya siku chache treni zake zikaonekana zinahitaji marekebisho, ikafungwa, na msimu mzima wa 2024 ukapita bila kurudi. Ilirudi 2025. Waliosafiri mbali mwezi Juni walitazama reli tupu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Tangazo likitoka, anza akiba. Reli ikikamilika, anza kuulizia karatasi za kusafiria. Majaribio yakianza, linganisha nauli. Mashine ikifunguliwa, usinunue bado. Soma ripoti za wageni kwa miezi sita, ukitazama ni siku ngapi kwa wiki imezimwa. Ikimaliza msimu wake wa kwanza ikiwa inazunguka karibu kila siku, nunua.

Kuna upande wa pili wa kanuni hiyo. Kingda Ka, rola kosta ya New Jersey nchini Marekani, iliyofika mita 139 na kushikilia rekodi ya urefu tangu 2005, ilibeba abiria wake wa mwisho Novemba 2024, na kufungwa kwake kukatangazwa rasmi baada ya siku ile kupita. Mwisho wa Februari 2025 ikalipuliwa. Cape Town nayo ilikuwa na bustani ya Ratanga Junction, iliyofungua milango 1998 na kufungwa kabisa 2018. Mashine zinazorusha kwa nguvu nyingi huchakaa na matengenezo yake ni ghali. Kwa hiyo unapochagua zile mbili zako, tazama umri. Iliyopita miaka 20 isogeze mbele kwenye orodha. Ile iliyofunguliwa juzi inaweza kungoja.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika nusu saa kabla ya lango kufunguliwa. Nenda moja kwa moja kwenye ile ya kwanza kati ya zile mbili, hata kama njiani umepita nyingine isiyo na watu. Iwapo unaruhusiwa kuchagua kiti na ni mara yako ya kwanza, kaa katikati. Mara ya pili kaa mbele, upate mandhari. Mara ya tatu nenda nyuma kabisa: behewa la mbele huvuka kilele polepole, lakini la nyuma linapofika pale treni imekwisha kuanza kuanguka, basi huvutwa juu ya ukingo kwa nguvu na utahisi mwili ukiacha kiti.

Ukikuta mashine yako imezimwa, muulize mfanyakazi swali moja kwa upole: je, ni kwa siku nzima au kwa muda? Ikiwa ni kwa muda, panda ya pili, kisha pita hapo kila baada ya saa moja. Treni tupu zikianza kuzunguka bila watu, hayo ni majaribio ya kufungua tena. Kaa karibu na mlango wa foleni, maana utaingia miongoni mwa wa kwanza. Ikiwa ni kwa siku nzima, maliza mengine yote leo, ule vizuri, ulale mapema, na kesho asubuhi utumie ile tiketi ya siku ya pili.